Wiki tatu mwalimu ananifundisha 1952, siku ya mashine ananipima na mama chapati!

Wakuu, mikono inatetemeka, habari za jioni tutapeana kesho.

Yule mwalimu wa CNC (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta) mnayemjua, wa kalamu tatu mfukoni, anayetamka "toleransi" kama anakohoa, leo amenidhalilisha mbele ya mama chapati. Sijakosea kuandika. Mama chapati. Wa ndoo.

Nimelipa laki tatu na nusu. Wiki tatu nabeba laptopu kwenye daladala toka Mbagala hadi Keko, feni yake inavuma mpaka konda anauliza kama nimebeba jenereta. Wiki ya kwanza yote historia. Niamsheni saa tisa usiku nitawatajia John Parsons, mwasisi wa mashine hizi, nitawatajia mwaka 1952 walipoionyesha pale chuo cha MIT, Marekani, mashine ya kuchonga chuma ikifuata kanda ya karatasi iliyotobolewa matundu. Wiki ya pili tumechora bawaba. Bawaba moja, siku tano! Mke wangu akaniuliza kama nimeshaipa jina. Wiki ya tatu ndiyo CAM, programu ya kupanga njia ya kukata: chagua biti (kile kisu kinachozunguka), weka kina, bonyeza simulesheni, kwenye skrini mlango wa kabati unakatika kama sabuni ya mche. Posti prosesa, ya kugeuza kazi iwe amri za mashine, dakika kumi, faili kwenye fleshi, hongereni vijana.

Leo ndiyo mashine. Bodi ya MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, milimita 18, mpya. Biti ya milimita 6, mpya, elfu arobaini yangu mwenyewe. Nikaweka sifuri ya Z, pale mashine inapoanza kuhesabu kwenda juu na chini, kwa kugusisha biti kwenye meza, maana nani aliniambia nisiguse meza? Kumbe kwenye programu sifuri tuliiweka juu ya ubao. Nikabonyeza anza. Mashine ikaambiwa ikae milimita 5 juu ya sifuri, kisha ikimbilie kona ya mlango. Milimita 5 juu ya MEZA. Ubao una 18! Biti ikashuka pembeni, ikauingia ubao ubavuni kwa G0, ule mwendo wa kukimbia bila kukata, mlio kama bajaji imevaa geti. Ubao ukachomoka kwenye vibano. Kipande cha biti mpaka sasa hakijulikani kilipo.

Kitufe chekundu nimebonyeza mimi. Mwalimu alikuwa anageuka mlangoni, maana mama ndiyo kwanza anaingia na ndoo yake, akamuuliza: "Mama, ungekuwa wewe, sifuri ungeanzia juu ya ubao au huku chini mezani?"

Mama akautazama ubao. Akanitazama mimi. Akasema, "Juu."

JUU!

Watu kumi na moja wakacheka. Mmoja akakaa chini kabisa, kwenye vumbi. Mwalimu akasema, "Na huyu hajalipa ada." Halafu mama, kwa huruma, kwa HURUMA wakuu, akanifungulia ndoo: "Pole baba, kula kwanza."

Nimeila. Nilikuwa na njaa. Lakini wenzangu, "Juu"? Hata hakufikiria! Nina cheti cha bawaba, mtu mwenye ndoo anajibu "Juu" kama anaulizwa jina lake.

Laki tatu na nusu yangu airudishe. Na biti.

---

Sindano Butu: Kiti cha mbele nimeshakalia. Swali dogo tu mleta uzi, kwa hiyo mama alipata?

Mleta uzi: Yaani katika yote hilo ndilo umeliona?

Randa ya Babu: Alipata. Na hana laptopu.

Koleti 20: Pole mkuu, ila kosa si la mwalimu peke yake. Simulesheni haijui mkono wako umegusa wapi, inaamini ulichoiandikia kwenye setapu, basi. Siku nyingine pandisha sifuri milimita 50 ukate hewa kwanza. Utaona biti inapita chini kuliko inavyotakiwa, nayo bado ni nzima. Mbona wengine tunaweka sifuri mezani makusudi, bodi ikiwa na unene wa kubabaisha tusije tukatoboa meza. Muhimu programu na mkono viseme kitu kimoja.

Mleta uzi: Kwa hiyo nilikuwa sahihi!

Koleti 20: Hapana.

Vumbi la MDF: Wa kalamu tatu? Mwenye kikohozi? Nimepita kwake huyo! Wewe umevunja biti moja, mimi aliniunguzia tatu. Spindo, mota inayoshika biti, inazunguka mara 18,000 kwa dakika, biti ina meno 2, kila jino likila milimita 0.1 unatakiwa kwenda milimita 3,600 kwa dakika. Kazidishe mwenyewe. Yeye alitupa 600, eti "kwa usalama". Jino halikati, linasugua tu. Karakana ilinuka mpaka jirani akaja kuulizia mkaa.

Sindano Butu: Akauziwa?

Vumbi la MDF: Ningekuwa na akili ya biashara ningemuuzia.

Nyundo Kamukunji: Nyinyi mnalia na mashine mnazo. Huku Kamukunji, Nairobi, tunagonga bati kwa nyundo toka asubuhi na hakuna mtu amefungua uzi. Juzi nikasema wacha nami nijaribu ya kisasa, nikapelekea jamaa mmoja mchoro wa mlango. Nimechora kwa inchi, mashine yake inasoma milimita. Mlango wa 24 ukatoka 24 kweli, lakini milimita. Bibi yangu akauliza kama mende wamehamia na familia.

Randa ya Babu: Amri ya G20 ni inchi, G21 ni milimita. Hiyo 25.4 iliyo katikati imekula bodi za watu wengi kuliko mchwa.

Bila Leseni: Afadhali nyie mnagombana na watu. Mimi nagombana na Fusion, ile programu ya kuchora na CAM ambayo sote tunaitumia bure na sote tunajifanya tumenunua. Toka 2020 toleo la bure halitoi tena mwendo wa kukimbia. G0 zote zimegeuzwa G1, mwendo wa kukata, biti inatembea hewani kwa mwendo wa harusi. Na mafaili ya kuhariri 10 tu, ukitaka la 11 ukazike moja.

Sindano Butu: Kumbe mleta uzi angetumia hilo, biti ingeuingia ubao kwa adabu.

Koleti 20: Hamieni FreeCAD. Toleo 1.0 lilitoka Novemba 2024, bure bila masharti, na CAM imo ndani.

Bila Leseni: Nilihamia. Siku ya tatu nikarudi kuomba msamaha.

Umeme Nusu: Hamjapata shida nyie. Subiri umeme ukatike mlango ukiwa nusu, na mashine ya kuunga mwenyewe isiyo na swichi za kuirudisha mahali pake pa kuanzia. Umeme ukirudi haijui iko wapi, kama mlevi aliyeshushwa kituo siyo. Sifuri zote unatafuta upya, kwa jicho. Nina milango minne ya mninga yenye ngazi katikati. Mteja nimemwambia ndiyo fasheni.

Nyundo Kamukunji: Na akakubali?

Umeme Nusu: Ameagiza ya jikoni.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Alisema "Juu" mbele za watu!

Sindano Butu: Naam, turudi kwenye mada. Chapati za huyo mama bei gani?

Vumbi la MDF: Mia tano. Enzi zangu ilikuwa mia tatu, tena nene. Hapo ndipo pa kufungulia uzi, siyo mambo ya sifuri.

Randa ya Babu: Mia tano? Keko hiyohiyo?

Mleta uzi: Na biti yangu je?

Umeme Nusu: Maharage anaweka?

Vumbi la MDF: Anaweka, ila ikifika saa tano yameshaisha.