Ndugu wa ziwa moja

*Kikundi cha ukoo, usiku baada ya isha*

Zuhura: Shikamooni wazee wangu. Natumaini mmeusoma mchezo wa redio niliowatumia juzi. Ni kisa cha Salim na Rehema wa Pangani, waliokua nyumba zao zikigawana ukuta mmoja, wakapendana na posa ikapokelewa, hadi wiki moja kabla ya nikaha shangazi yake Rehema alipozua uongo ili binti aolewe na mwanawe yeye.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma wote, na huyo shangazi anayetafuna tambuu na kugonga meza kwa miwani kila anapozungumza ni mimi mtupu. Baba yako nimembeba mgongoni, leo mimi ndiye fitina wa ukoo?

Zuhura: Nisamehe, Shangazi. Redioni hakuna macho, kwa hiyo nilitaka mlio wa miwani umjulishe msikilizaji ni nani aliyeingia.

Baba Mdogo: Dada, nami nimekutambua, lakini kosa kubwa liko kwenye kisa chenyewe. Shangazi mwenye roho mbaya msikilizaji amekwisha kumchoka. Atamjua tangu anapobisha hodi. Zuhura, tafuta kizuizi ambacho hakuna aliyekikusudia. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtoto akinyonyeshwa na mwanamke mwingine mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili, mwanamke huyo huwa mama yake wa kunyonya na wanawe huwa ndugu zake, hawaoani abadani. Hata hivyo hawarithiani, kwa hiyo Rehema atapoteza mchumba na kupata kaka, bila kuambulia hata mnazi mmoja. Tena kwenye onyesho la mirathi rekebisha: marehemu ameacha watoto, basi wajane wake wawili wanagawana thumuni moja, yaani sehemu moja ya nane ya mali, si kila mmoja na yake.

Zuhura: Kwa hiyo mama yake Salim ndiye aliyemnyonyesha Rehema? Mbona basi alikubali posa?

Bibi (ninamwandikia mimi, Juma): Mke mwenzangu, muue mapema, awe amefariki Salim akiwa bado mdogo. Zamani jirani akijifungua akashikwa na homa, mtoto akilia huulizi ukoo wake, unamweka ziwani. Mtoto alipitishwa juu ya ukuta amefungwa kwenye kanga, akarudishwa amelala, na aliyekuwa akimpitisha ni huyo shangazi, wakati huo msichana mdogo. Nani alikuwa na nafasi ya kuhesabu?

Baba Mdogo: Hapo ndipo penyewe, Mama. Idadi ikiingia shaka, uharamu hauthibitiki. Shangazi huyo akikumbuka mara nne, ndoa inapita. Akikumbuka tano, imevunjika. Na anayekumbuka ni yeye peke yake.

Zuhura: Na mwanawe nimwache palepale, awe alikwisha kumposa Rehema akakataliwa. Shangazi akisema kweli, nyumba nzima itasema ni kijicho. Akinyamaza, ataketi ukumbini siku ya harusi akitazama ndugu wawili wakilishana keki.

Shangazi: Asinyamaze. Ila asiende kwa wanaume barazani, kwa kuwa watamtaka mashahidi na yeye hana. Aende jikoni kwa mama yake Rehema, amkute ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, amuulize kwa upole, "Wifi, ile homa yako ilidumu siku ngapi?" Kisha tusikie mbuzi anavyonyamaza.

Zuhura: Shangazi, maneno hayo nayaandika kama yalivyo. Basi nimtafutie shangazi wa mchezo miwani ya mtu mwingine?

Shangazi: Miwani iache. Tambuu ndiyo uitoe, nimeacha tangu Ramadhani.

Bibi (mimi, Juma): Bibi anacheka. Anasema jana alimwona nayo.