Ukipewa ndege moja tu uirushe mwenyewe, unachagua ipi?

rubani_ndotoni
Wakuu habari zenu. Hili swali ni kwa wanaopenda ndege kweli kweli, na siongelei kupanda kama abiria, naongelea kukaa kiti cha rubani na kushika usukani mwenyewe. Tuseme umepewa mafunzo yote, hela siyo tatizo, na ndege yoyote iliyowahi kutengenezwa inaweza kurudi hewani hata kama sasahivi ipo makumbusho au haipo kabisa. Unachukua moja tu. Ipi, na kwanini?

Mimi ni Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa inapita mwendo wa sauti. Watu wengi wanaisifia mwendo, Mach 2 (yani mara mbili ya mwendo wa sauti), na ile safari ya New York mpaka London ya Februari 1996 iliyoisha kwa saa 2 na dakika 52 na kitu, sawa, ila kinachonivuta mimi ni kazi ya mle chumba cha marubani. Walikuwa watatu, kapteni, msaidizi wake na mhandisi wa ndege, na yule mhandisi alikuwa na kazi nzito kweli. Ndege ikivuka mwendo wa sauti ile nguvu inayobeba mabawa inahamia nyuma, pua inataka kuinama, sasa badala ya kupambana nayo kwa usukani safari nzima walikuwa wanapampu mafuta kutoka matenki ya mbele kwenda nyuma ili uzito nao uhamie huko, wakipunguza mwendo wanayarudisha mbele. Yani ndege inasawazishwa kwa mafuta yake yenyewe! Halafu kutua sasa, inakuja imenyanyua pua juu kiasi kwamba rubani asingeiona njia, ndo maana ile pua inashushwa. Natamani sana niwe mle ndani, futi 60,000, anga la juu limeiva weusi mchana kweupe.

Haya karibuni.

Titani
SR-71 Blackbird, ile ndege ya upelelezi ya Marekani, kwangu mjadala umeisha. Imepaa mara ya kwanza Desemba 1964 na ile rekodi yake ya Julai 1976, kilomita 3,529 kwa saa, hakuna ndege ya jeti yenye rubani iliyoivunja mpaka leo. Ikikimbia hivyo inapata joto mpaka mwili unatanuka, kwahiyo waliacha nafasi kwenye maungio, matokeo yake ikiwa chini imepoa mafuta yanavuja. Wanapaa na mafuta kidogo, wanakutana na ndege ya mafuta huko huko angani, wanajaza, kazi inaanza. Nani hataki kurusha kitu kama hicho??

PangaMbili
Mkuu Titani ndege ni kali sana wala sibishi, lakini umechagua namba, hujachagua kurusha. Kwenye SR-71 umefungiwa ndani ya suti ya presha, madirisha madogo, macho yako kwenye saa za vipimo za mbele muda wote na otopailoti ndo inashika ndege sehemu kubwa ya safari, na ukiwa Mach 3 kugeuka tu ni zaidi ya kilomita mia. Mkono wako unafanya nini hapo?

Mimi nikitaka kujua ndege ipi ni tamu nauliza aliyerusha nyingi. Eric Brown, yule rubani wa majaribio wa jeshi la majini la Uingereza, alirusha aina 487 za ndege, hakuna binadamu mwingine aliyefika hapo. Ndo huyu huyu aliyetua na jeti kwenye meli ya kubeba ndege kwa mara ya kwanza, Desemba 1945, kwahiyo jeti alizijua. Na alipoulizwa kipenzi chake kwenye ndege za injini ya pistoni alitaja de Havilland Hornet, ndege ya kivita ya Uingereza. Injini mbili za Merlin, kila moja kama farasi 2,000, kwenye mwili mwembamba wa mbao na aluminiamu, na zile propela zinazunguka kinyume moja na nyingine kwahiyo ukisukuma nguvu yote wakati wa kupaa ndege haikuvuti pembeni kama nyingine za enzi zile. Nguvu ilikuwa nyingi mpaka unaweza kuzima injini moja na ukaendelea kupiga michezo angani kwa ile iliyobaki.

Inayoumiza ni kwamba haijabaki hata moja nzima duniani. Concorde utaiona makumbusho, Blackbird utaiona, Hornet imeisha. Kwa masharti yako mkuu, kwamba yoyote inaweza kurudishwa, mimi nairudisha hiyo.

Dada_Anga
Wote mmeongelea juu, mimi nachagua kwa kutua. U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani inayoruka juu sana.

Mabawa yake ni marefu kama ya glaida (ndege isiyo na injini) na magurudumu yako mawili tu chini ya tumbo, moja mbele moja nyuma kama ya baiskeli. Yale ya kushikilia mabawa yanadondoka yenyewe ikipaa. Kwahiyo ukirudi, umechoka masaa kibao ndani ya suti, huoni vizuri mbele, na ndege yenyewe haitaki kushuka inaelea tu, inabidi uilete mpaka iwe kama futi mbili juu ya njia halafu uifanye mabawa yakose nguvu ya kuibeba hapo hapo ikae. Nyuma yako kuna gari linakimbia kwa kasi ya ajabu, anaendesha rubani mwenzako wa U-2, anakusomea urefu kwenye redio mpaka unagusa. Ukishagusa bado hujamaliza, unasawazisha mabawa mpaka usimame kabisa ndo bawa moja linalala chini.

Na kule juu zaidi ya futi 70,000 hewa ni nyepesi mno, ule mwendo wa chini ambao ukiupita unaanguka na wa juu ambao ukiupita ndege inaanza kutetemeka vinakaribiana, unaishi katikati hapo. Rubani anayeimudu hiyo namvulia kofia. Mimi nataka nijue kama ningeimudu.

fundi_injini
DHC-2 Beaver yenye maboya ya kutua majini. Ilianza 1947, injini ya nyota, silinda tisa zimepangwa duara, farasi 450, na mdomo wa kujazia oili upo ndani miguuni kwa marubani kwahiyo unaongeza oili mkiwa hewani. Waliotengeneza waliwauliza marubani wa porini kwanza wanataka nini. Sina zaidi.

rubani_ndotoni
@Dada_Anga dada umenifanya nirudi kusoma habari za U-2 usiku kucha. @PangaMbili hiyo Hornet nilikuwa naijua jina tu, asante mkuu. Nabaki na Concorde lakini. Sasa niongeze swali, katika hizi zote ipi mtu wa kawaida anaweza kuigusa kweli?

PangaMbili
Beaver ya fundi ndo jibu, zimetengenezwa zaidi ya 1,600 na bado nyingi zinafanya kazi. Ukitaka Merlin, zipo Spitfire za viti viwili zinabeba watu kwa kulipia, na sehemu nyingine rubani anakuachia usukani kidogo. Ghali, ila ipo.

Dada_Anga
Anza na glaida, kaka. Hisia ya bawa refu ni ile ile na huna injini ya kukuokoa, Perlan 2 bila injini ilipita futi 76,000 kule Argentina mwaka 2018, juu kuliko U-2 wengi wanavyoenda. Na wewe wa Concorde, lile simuleta (mashine ya kuigiza urushaji) walilofundishia marubani lipo makumbusho ya Brooklands Uingereza, wamelifufua, na watu wa kawaida wamekaa kile kiti. Ulizia ratiba zao.