Majirani Bondeni: tangazo la dampo

Alhamisi

Mjumbe: Jamani, habari za jioni. Kuna tangazo limebandikwa ofisi ya mtaa. Halmashauri inataka kupanua dampo upande wa huku kwetu, mpaka karibu na mkondo. Mtaalamu wa mazingira anakuja Jumamosi saa nne kuchukua maoni. Tujitokeze.

Mama Shufaa: Asante Mjumbe. Na yule kijana wa juzi aliyepita na karatasi tukasaini, alikuwa wa nini?

Mjumbe: Ni wa huohuo mradi.

Mama Shufaa: Mimi aliniuliza kama gari la taka linapita kwetu. Nikasema linapita. Akasema saini hapa. Dampo hakulitaja kabisa!

Bibi Mwanaidi: Huyu ni mjukuu naandika. Bibi anasema yeye aliwekeshwa dole gumba, karatasi hakusomewa.

Mwalimu: Shikamoo Bibi. Jamani, tusilichukulie jambo hili juujuu. Hiyo ndiyo TAM, tathmini ya athari kwa mazingira. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mradi wa namna hii hauanzi bila hiyo. Mwenye mradi ndiye anayemlipa mtaalamu. Mtaalamu anaandika ripoti, inakwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, inapitiwa, mwishoni kinatolewa cheti. Zile saini zetu zinabandikwa nyuma ya ripoti. Anayeisoma ofisini ataona majina na madole gumba, ataamini tumeshirikishwa.

Fundi Bomba: Kwa hiyo tumeshauzwa?

Mwalimu: Bado. Maoni ya maandishi yanapokelewa, na kanuni zinataka ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili. Tuudai huo kwanza. Mtu atoe maoni juu ya kitu alichokisoma.

Mama Shufaa: Mimi nasema lifungwe tu. Jana kunguru wameangusha utumbo wa kuku kwenye sufuria yangu ya wali, nimeanika vyombo uani. Watoto wanakohoa usiku kucha moshi ukivuma huku.

Mama Pendo: Mama Shufaa pole dada yangu. Lakini naomba msiseme lifungwe. Mnajua naokota chupa pale, mwaka wa tisa huu. Wanangu wawili wamesoma kwa chupa hizo. Tuko wengi, na hakuna aliyekuja kutuuliza hata mmoja.

Mama Shufaa: Sikukusudia wewe, mwenzangu.

Mama Pendo: Najua. Ila kuna kitu nataka mkijue. Upande wa juu mlima wa taka umepasuka. Ufa mkono unazama mpaka kwenye kiwiko, na joto linatoka humo. Moshi hautoki juu, unatoka ndani, hata siku ya mvua. Katapila la kusawazisha ni bovu, magari yanamwaga palepale kileleni. Sisi wenyewe mvua ikinyesha hatupandi upande ule.

Baba Juma: Mungu wangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kiteezi, Kampala, tarehe 10 Agosti 2024. Mvua zilinyesha, mlima wa taka ukaporomokea nyumba watu wakiwa ndani. Walikufa zaidi ya 30. Na Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, zaidi ya 100.

Mwalimu: Mama Pendo, hayo uyaseme Jumamosi kama ulivyoyaandika hapa. Kabla ya kuongeza eneo, watuambie mlima wa zamani wanaufanyaje.

Mama Pendo: Mbele ya maofisa nitaweza kweli?

Mwalimu: Nitakaa pembeni yako.

Fundi Bomba: Mimi langu ni maji. Bibi, kile kisima bado mnakunywa?

Bibi Mwanaidi: Anasema tangu masika ni cha kufulia tu. Maji yakilala kwenye ndoo, asubuhi juu kuna utando unang'aa kama mafuta ya taa. Ukiugusa unakatika vipande. Sufuria nyeupe imekuwa rangi ya chai.

Fundi Bomba: Utando wa kukatika vipande mara nyingi ni chuma cha ardhini, siwezi kuapa ni dampo. Ndiyo maana nataka visima vyetu vipimwe SASA, kabla ya greda kuingia, na majibu yaandikwe kwenye ripoti. Wasipopima, miaka mitano ijayo tukilalamika watatuambia maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani. Na tuulize chini ya hilo eneo jipya wanatandika nini. Bila turubai zito na mfereji wa kukusanya yale majimaji meusi ya taka, yote yanashuka mkondoni.

Mzee Tabata: Nimewasoma wote. Mnaniita Mzee Tabata lakini sijawahi kuwaeleza. Dampo la Dar lilikuwa pale kwetu. Watu wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988, wakalishinda jiji. Jiji likarudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira akakataa, akasema haki ya kuishi imo kwenye Katiba. Tulishangilia sana. Kisha taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na wale nao wakaenda mahakamani 1991, wakashinda. Baadaye ikawa Vingunguti, ikaja Mtoni, sasa ni Pugu. Furaha yangu ya siku ile inanisumbua mpaka leo, maana nilishangilia moshi kwenda kwa jirani.

Mama Shufaa: Mzee, umenigusa. Basi lifungwe nalifuta. Mimi nitadai taka zifunikwe udongo kila siku na wasichome.

Mzee Tabata: Na maganda ya sokoni yatengwe, yawe mbolea. Ndiyo yanayooza na kujaza mlima.

Mwalimu: Nimeandika yote, na naongeza moja, waokotaji waandikwe kwenye ripoti kama watu walioathirika. Kesho jioni naleta barua tuisaini. Safari hii kila mmoja anasoma au anasomewa.

Mjumbe: Mimi asubuhi naenda halmashauri kuuomba muhtasari.

Fundi Bomba: Bibi, usiku huu teka ndoo moja uifunike. Jumamosi saa tatu naipitia, tutaiweka mezani kwa mtaalamu.

Bibi Mwanaidi: Anasema anaibeba mwenyewe.