Wakuu, nifunge rimoti stata kwenye Corolla ya 2015 au hela iende kwenye matairi?

Binti_Pangani

Wakuu habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Naishi Minneapolis, Minnesota, na huu ni msimu wangu wa tatu wa theluji. Miwili ya kwanza nilipanda basi na kudandia lifti za watu, kwa hiyo shida za gari kwenye baridi nilikuwa nazisikia tu. Mwaka huu nina langu: Toyota Corolla ya 2015, otomatiki, ufunguo ni ule wa kuchomeka na kuzungusha, limetembea maili 118,000. Linalala nje, nyuma ya jengo. Mimi niko ghorofa ya tatu na dirisha langu linaliangalia.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee, naingia zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya hapo nampeleka mwanangu wa miaka minne kwa mama anayemlea. Kwa hiyo saa kumi na mbili kasorobo, giza totoro, niko nje nakwangua kioo, na mtoto kafungwa makoti kama robota la mitumba, analia ndani ya gari ambalo ni friji. Na hii ni Desemba tu. Januari hapa inashuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri za Selsiasi, wenyeji wanaona kawaida.

Nimeulizia rimoti stata, kile kifaa cha kuwashia injini kwa kitufe ukiwa mbali na gari. Duka moja wameniambia dola 420 pamoja na kufunga. Kuna kijana wa kwetu anafungia watu uani kwake kwa 180. Mume wangu anasema zote mbili ni kutupa hela, bora matairi ya theluji, baridi haijamuua mtu mwenye koti. (Yeye anaingia kazini saa nne.)

Hofu zangu: waya kuchezewa gari likaja kushika moto, mwizi kulikuta linanguruma akaondoka nalo, na injini kuharibika kwa kuunguruma bila kwenda. Naomba kuwasilisha.

Kipanga_Columbus

Dada pole. Funga, usifikirie mara mbili. Mimi Ohio hapa, baridi yetu kwa yenu ni cha mtoto, na bado siwezi kurudi nyuma. Unabonyeza unapokunywa chai, ukishuka kioo kinatiririka maji.

Mume_wa_Mtu

Shemeji kasema kweli. Gari la moto linaloteleza kwenye makutano ni gari linaloteleza tu. Matairi kwanza.

FundiWaya_Winnipeg

Binti, nimefunga hivi vitu miaka mingi huku Manitoba, nikujibu kwa utaratibu.

Kifaa chenyewe si tatizo. Viper, Compustar, Fortin, vyote vinafanya kazi. Tatizo ni mkono wa aliyefunga. Kazi nyingi mbaya ninazoletewa nirekebishe zimefungwa kwa vile vibano vya plastiki vinavyong'ata waya. Siku ya kwanza vinashika. Baada ya baridi mbili tatu, waya umelegea, gari linakataa kuwaka au taa za dashibodi zinacheza ngoma. Waya za swichi ya ufunguo zinapitisha umeme mwingi, kiungo kikilegea pale kinapata moto. Kwa hiyo hofu yako ya kwanza ina msingi, ila inamhusu fundi.

Muulize yule wa 420 na yule wa 180 maswali yale yale. Je, anatumia waya za kuchomeka zilizotengenezwa kwa ajili ya Corolla, zinazoingia kwenye soketi za gari bila kukata kitu? Kama anakata, analehemu kwa risasi au anabana kwa plastiki? Na muhimu kuliko yote: imobilaiza anaipitaje? Ufunguo wako una chipu ndani, gari lisipoiona chipu haliwaki. Mafundi wa zamani walikuwa wanachukua ufunguo wako wa akiba na kuuficha ndani ya dashibodi ili gari lidanganyike kwamba upo. Umepoteza ufunguo wa dola kadhaa, na umemwachia mwizi chipu ndani ya gari. Siku hizi kuna moduli inayozungumza na kompyuta ya gari moja kwa moja, ufunguo wako wa akiba unabaki nyumbani. Akikwambia "nipe na spea", chukua mkoba wako.

Kuhusu mwizi: ikifungwa sawasawa, milango inabaki imefungwa, usukani unabaki umejifunga, na akivunja kioo akakanyaga breki bila ufunguo kwenye swichi, injini inazimika. Inayoibwa ni ile iliyoachwa na ufunguo wake ikipata joto mbele ya nyumba. Hiyo kwenu Minneapolis ni sikukuu ya wezi kila asubuhi ya baridi.

Binti_Pangani

Fundi Mungu akubariki. Hilo la ufunguo wa akiba, yule kijana ameniambia hasa nije nao 😳. Na kuhusu injini?

FundiWaya_Winnipeg

Basi jibu la kijana umelipata.

Injini: habari ya kuiacha ingurume dakika ishirini ni ya enzi za kabureta, ule mfumo wa zamani wa kulisha injini petroli. Gari la siku hizi, la sindano za mafuta, linahitaji nusu dakika, dakika moja, kwenye baridi kali sana dakika chache oili ipande, halafu unaondoka taratibu bila kukanyaga. Injini inapata joto haraka zaidi ikiwa inatembea. Ikikaa inanguruma kwenye baridi inamwaga petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma, nyingine inateremka kuchanganyika na oili. Siku moja moja haina neno, kila siku nusu saa ina neno. Na saa nzima ya kunguruma inakula kama robo galoni hadi nusu galoni bila kukusogeza hata hatua.

Kwa hiyo rimoti stata usiifunge kwa ajili ya injini. Ifunge kwa ajili ya kioo na kwa ajili ya mtoto. Dakika nane hadi kumi zinakutosha. Vifaa vingi vinazima vyenyewe baada ya dakika kumi na tano hivi.

Kitu kimoja hujauliza, na ndicho kitakachokuangusha Januari: betri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri inabaki na karibu nusu ya nguvu zake, wakati huo huo oili imekuwa nzito kama asali na stata inataka nguvu zaidi. Rimoti haiwashi gari lenye betri mfu, inabofya tu. Angalia tarehe juu ya betri yako. Duka la spea watakupimia bure.

Mjomba_Hamburg

Msimu wa kwanza huku Ujerumani nilitaka kufanya mambo yenu ya Marekani, jirani mzee akaniwahi. Sheria ya barabarani, kifungu cha 30, inakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu, na kupasha gari joto kabla ya safari hakuhesabiwi kuwa sababu. Faini euro 80. Wenyewe wanafunga hita ndogo ya Webasto au Eberspächer inayochoma mafuta ya gari lenyewe bila kuwasha injini. Gari linakuwa na joto, kioo safi, jirani kalala. Bei yake sasa inapita euro elfu moja, ndiyo maana mimi bado nina kikwangulio changu cha euro mbili.

Deira_Usiku

Sisi Dubai tunaitumia kinyume, Agosti tunaiwashia AC. Ukigusa usukani saa nane mchana unaacha ngozi. Rafiki yangu hata ufunguo wa gari ameusahau ulivyo, anajua kitufe tu.

FundiKinondoni

Wakuu mniruhusu na sisi wa joto tuchangie. Huku Dar gari nyingi za kutoka Japani zinashuka na hiki kitu, hasa zilizotoka Hokkaido kwenye theluji. Ukiona gari lina kutu chini na kirimoti cha ajabu chenye maandishi ya Kijapani kwenye droo ya dashibodi, ujue limetoka huko. Wenye nayo wanadhani ni alamu.

Sasa niwape kisa. Nilikuwa nabadilisha mkanda wa alternata, nimeinama na mkono umezama ndani ya boneti. Mtoto wa mteja yuko kiti cha nyuma anachezea kile kirimoti. Injini ikawaka! Nilitoa mkono sijui kwa nguvu za nani. Kidole hiki cha shahada mpaka leo hakikunji vizuri.

Kwa hiyo dada, hakikisha fundi anaweka swichi ya boneti, boneti ikiwa wazi rimoti isifanye kazi. Na ukipeleka gari sevisi, mwambie fundi lina hicho kitu. Usisubiri agundue.

FundiWaya_Winnipeg

Mkuu wa Kinondoni umenisaidia, hiyo swichi nilisahau kuitaja, na ndiyo mafundi wa bei poa wanairuka kwanza. Pia inatakiwa kuwe na namna ya kuzima mfumo mzima gari likiwa gereji.

Na kwa wenye gari la gia za mkono wanaosoma hapa: kuweni waangalifu mara mbili. Ukiliacha kwenye gia ukabonyeza, litaruka mbele. Vipo vifaa vya magari hayo, vinakulazimisha uvute breki ya mkono na utoke injini ikiwa bado inanguruma ili vihakikishe liko nyutro, ndipo vizime vyenyewe. Mimi binafsi huwa nakataa hiyo kazi.

MamaTatu_Edmonton

Mwanangu Binti, mimi nakuongezea la uhai. Usiwashe gari likiwa ndani ya banda la gari la nyumbani, hata mlango ukiwa wazi. Ndani ya ule moshi kuna gesi ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu ya kukuamsha, inapanda mpaka chumbani. Wewe unaegesha nje, sawa, lakini wewe huko ghorofa ya tatu huoni bomba la ekzosi. Theluji ikilala usiku kucha, au lori la kusafisha njia likakusukumia rundo, bomba linazibwa na moshi unarudi ndani ya gari. Shuka kwanza, fukua nyuma, ndipo mtoto aingie. Alfajiri ya theluji nyingi, usibonyeze kabla hujashuka.

Sisi huku tuna na hita ya injini ya kuchomeka kwenye soketi. Waya unaning'inia mbele ya gari kama ulimi. Muulize mwenye jengo lenu kama kuna umeme pale mnapoegesha, ingawa sitegemei.

Binti_Pangani

Shikamoo mama. Hakuna soketi, nimeuliza, amenicheka.

Mrejesho wa kwanza: betri imepimwa leo. Tarehe yake ni ya 2018! Jamaa wa spea aliangalia kile kipimo, akaniangalia mimi, akaangalia tena kipimo. Nimenunua mpya hapo hapo. Mume wangu hakupinga, maana naye hulitumia Jumamosi.

Mume_wa_Mtu

Na matairi?

Binti_Pangani

Matairi wiki ijayo, shemeji tulia. Tumekubaliana: betri, matairi, halafu rimoti kwa hela ya zamu za ziada. Duka la 420 wamenijibu maswali yote ya Fundi bila kubabaika, hawakati waya, hawahitaji ufunguo wangu, swichi ya boneti ipo. Nilimuuliza pia wakala wa magari kama kuna ya Toyota yenyewe. Akasema ya kwao ukifungua mlango tu injini inazimika, unawasha upya. Sasa ya nini?

Kipanga_Columbus

Hiyo ya kuzimika inaudhi sana, mke wangu anayo. Na kuhusu waranti usitishwe na mtu, ingawa gari lako ya kwake imeshaisha. Ipo sheria ya Marekani ya tangu 1975, Magnuson-Moss, wakala hawezi kukataa kutengeneza gari eti kwa sababu umeongeza kifaa, mpaka athibitishe kifaa hicho ndicho kilicholeta uharibifu.

FundiWaya_Winnipeg

Binti, la mwisho. Jioni ukizima gari, liache tayari kwa asubuhi. Hita iweke kwenye joto la mwisho, hewa ielekee kioo cha mbele, feni iwe imefunguliwa. Na waipa ZIZIMWE. Zikiganda kwenye kioo halafu gari likawaka lenyewe asubuhi, zinajaribu kujing'oa, unaunguza fyuzi au mota.

Binti_Pangani

Wakuu, mrejesho wa pili, wiki tano baadaye. Imefungwa Jumamosi, matairi yalitangulia. Jana alfajiri nyuzi 22 chini ya sifuri, nimesimama dirishani na kikombe, nikabonyeza. Taa zikapepesa mara mbili, moshi ukatoka nyuma, nikapiga kigelegele mpaka mtoto akaamka.

Dakika kumi baadaye tunashuka kwa madaha, nafungua mlango. Baridi ile ile! Kioo kimeganda vile vile. Usiku mume wangu alilitumia kwenda dukani, akaona joto limezidi, akageuza kitufe cha hita kwenye bluu.

FundiWaya_Winnipeg

😂 Na waipa?

Binti_Pangani

Waipa nilizima mwenyewe. Yeye sasa anataka rimoti ya pili.