Naomba ushauri: niahirishe shahada ya hisabati tumizi nisome kozi fupi ya sayansi ya data?

Kijana wa Umoja: Hamjambo wote. Ninasomea shahada ya hisabati tumizi hapa Nairobi, mwaka wa tatu, na nia yangu ni kufanya kazi ya sayansi ya data. Kuna kozi ya miezi mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilhali darasani bado tunathibitisha nadharia ambazo sijui nitazitumia wapi. Je, niahirishe masomo ya chuo?

Mtakwimu: Ndugu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya data za mikopo. Siku nzima nilisahihisha jina la mtaa mmoja, kwa kuwa maafisa walikuwa wameandika Kasarani, Kasarni na Kasaran, na kompyuta ikahesabu mitaa mitatu. Python nilijifunzia pale pale kazini. Takwimu za chuoni ndizo zilizonifanya nishuku kwamba anwani zilizokosekana hazikukosekana kibahati: nyingi zilikuwa za watu walioshindwa kulipa, na tungefuta rekodi zao tungejidanganya.

Mama Wawili: Mwanangu, karo ya muhula huu imelipwa?

Kijana wa Umoja: Mama, swali langu lilihusu kozi. Lakini kwa kuwa umeuliza, shilingi 38,000 alizonitumia mama yangu, ambaye huuza nyanya katika soko la Marikiti, nimekwisha kuzilipia kozi fupi. Sikuzila. Nikipata kazi mapema, yeye ndiye atakayepumzika.

Mama Wawili: Basi hukuja kuomba ushauri, umekuja kutafuta wa kukuunga mkono. Mwambie kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Mkaazi wa Rongai: Kisa hiki kina ufa. Aljebra ya mstari, yaani hisabati ya majedwali ya namba, husomwa mapema, na mtu wa mwaka wa tatu aliyeisoma hawezi kusema hajui nadharia zinatumika wapi. Ninashuku hili ni tangazo la kozi.

Kijana wa Umoja: Sitangazi chochote, ndiyo maana sikuitaja kozi hiyo kwa jina. Mtihani wa aljebra ya mstari nimeuanguka mara mbili. Mara ya mwisho tulipewa matriki, yaani jedwali la namba, yenye 2 na 1 katika safu ya juu, 1 na 2 katika safu ya chini. Thamani za aigeni, namba mbili maalumu za matriki hiyo, nilizipata, 3 na 1, lakini tulipotakiwa kueleza maana yake niliacha ukurasa mweupe.

Mwalimu Mstaafu: Nimekuamini, mwanangu. Chukulia matriki hiyo inaeleza jinsi mauzo ya nyanya na ya vitunguu yanavyobadilika siku hadi siku. Mwelekeo ambao yote mawili hupanda na kushuka pamoja una mtawanyiko, yaani kipimo cha kubadilika kwake, wa 3, na ule ambao moja hupanda lingine likishuka una 1. Kwa hiyo mwelekeo mmoja umebeba robo tatu ya mtawanyiko wote, na hivyo ndivyo safu wima mia za data hupunguzwa zikabaki chache. Python itakupa 3 na 1 mara moja, lakini kazini utaulizwa lile swali uliloliacha wazi.

Kijana wa Umoja: Mwalimu, nimesoma maelezo yako mara nne, nikachora mishale miwili daftarini. Ofisi ya kozi ilisema pesa hazirudishwi, ila nitauliza tena Jumatatu, na siku hiyo hiyo nitaulizia tarehe ya mtihani wa kurudia. Mama hufika Marikiti kabla ya mapambazuko. Kesho nitaenda kumbebea kreti za nyanya, kisha nimweleze.