Tupeane uzoefu: abiria wenzetu wanatuchukuliaje sisi wenye ulemavu?

Ndugu zangu wa Dodoma na mikoa ya jirani, natumia kiti mwendo tangu mwaka 2016. Naomba tusimuliane yanayotupata safarini, hasa namna abiria wenzetu wanavyoyapokea, kwa sababu mimi kimya chao kimeniumiza kuliko maneno ya kondakta yeyote.

Mwezi uliopita nilikata mapema tiketi ya kwenda Singida, nikafika stendi alfajiri pamoja na mdogo wangu. Kondakta alinitazama, kisha akamgeukia yeye na kumuuliza: "Mgonjwa anashukia wapi?" Mimi si mgonjwa, na tiketi nilikuwa nimeishika mwenyewe. Akadai pia nauli ya mzigo kwa ajili ya kiti mwendo, ambacho ndicho miguu yangu, huku magunia mawili ya alizeti ya abiria mwingine yakiingizwa kwenye buti bila neno. Basi lilikuwa limejaa na watu walisikia yote. Mmoja alisema "pole, mama", mwingine akanung'unika kwamba tunawachelewesha. Ni bibi mmoja tu, aliyetusalimia "mbukwenyi" pale mlangoni, aliyesimama na kusema kwamba hataketi mpaka nami nimeketi. Hapo ndipo nilipopandishwa, bila kutozwa zaidi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi, lakini ndani ya basi lile hakuna aliyeitaja, hata mimi mwenyewe.

Mliopanda treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, tuelezeni nanyi.

Mchangiaji kutoka Kondoa: Mimi ni kiziwi. Basi letu liliharibika njiani, kondakta akatangaza kwa mdomo kwamba tuhamie gari jingine, nami nikabaki kitini nikiona watu wanashuka, nikidhani wanachimba dawa. Jirani yangu, ambaye tangu asubuhi alijua kwamba sisikii, alishuka bila hata kunigusa bega. Nilihama baada ya dereva kuniona, na viti vyote vilikuwa vimekwisha.

Mchangiaji kutoka Mpwapwa: Nina ualbino. Kwenye daladala, kiti kilicho pembeni yangu hubaki wazi hata watu wakiwa wamesimama. Kondakta huwaambia "kaeni, nafasi ipo", nao hujibu kwamba wanashuka karibu.