Bidhaa 40, maombi 40 kwa seva: hivi nani aliwafunza haya?

Jamani, nshachoka. Nimekabidhiwa ukurasa wa wavuti wa bei za jumla za soko la Kongowea, umeandikwa kwa React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), nikaambiwa "unakwama kidogo tu". Kidogo!

Naufungua kwenye simu nikiwa foleni ya feri Likoni, mtandao wa kubahatisha. Komponenti ya juu, yaani kipande cha ukurasa kinachobeba vingine, yauliza seva mimi ni nani. Yangoja. Ikijibiwa ndipo inachora orodha, nayo orodha ndiyo kwanza yaanza kuuliza bidhaa. Twangoja tena. Zikija, kila mstari una useEffect yake (msimbo wa React unaoendeshwa kipande kikishachorwa), wajitafutia bei peke yake! Seva yenyewe bado ni ya HTTP/1.1, toleo la zamani la njia ya brauza kuongea na seva, na hapo brauza kwa kawaida haifungui zaidi ya miunganisho 6 kwa seva moja, kwa hivyo maombi 34 yamepanga foleni kama mimi. Feri imekuja, imeshusha, imepakia. Viduara bado vyazunguka.

Hayo ningeyameza. Lakini nimebonyeza nyanya, nikaona nimekosea, nikabonyeza vitunguu. Bei ya vitunguu ikaja. Kidogo tu, jibu la nyanya lililochelewa njiani nalo likafika, likakaa juu yake. Kichwa chasema vitunguu, neti moja. Bei ni ya kreti ya nyanya! Mama wa watu akiagiza mzigo kwa bei hiyo, hasara ni ya nani? Na dawa ni mistari miwili mitatu: useEffect ijisafishe unapobadilisha bidhaa, na hapo AbortController, chombo cha brauza cha kukatiza maombi, ighairi ombi la zamani. Chrome inayo tangu 2018, si kitu cha jana.

Nikamuuliza aliyeandika. "Kwangu yafanya kazi." Kwako wapi, yakhe? Seva iko kwenye kompyuta hiyo hiyo unayotazamia!

Kumbe na StrictMode, hali ya React ya kufichua makosa, aliitoa, eti ilikuwa ikituma maombi mara mbili. Ndiyo kazi yake! Tangu React 18 yaiendesha useEffect mara mbili makusudi, wakati wa kutengeneza tu, ili uozo kama huu uonekane mapema. Yeye amemfukuza mlinzi kwa kuwa alipiga kelele kumwona mwizi.

Sasa nimeanza kubomoa: ombi moja juu, lilete bidhaa na bei zake pamoja, mistari ipewe tu. Kuna aliyehamishia mradi mzee kama huu kwenye TanStack Query (maktaba ya kuleta na kutunza data ya seva) kidogo kidogo, bila kuzima ukurasa? Aniambie alianzia wapi. Nimepewa mpaka Ijumaa.